Nimehamisha PC ya duka yenye Windows XP kuiingiza kwenye mashine pepe, mauzo ya tangu 2008 yako salama. Naweka hapa yote niliyokutana nayo

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za kazi. Uzi utakuwa mrefu kidogo ila naomba mwenye duka, famasi, stoo au ofisi yenye ile kompyuta ya zamani iliyobeba kila kitu asome mpaka mwisho, maana ikikufia asubuhi moja hakuna fundi atakayekurudishia hesabu zako.

Iko hivi. Kuna mzee ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, bati, nondo, rangi, misumari, kila kitu. Toka 2008 mauzo yake, stoku na madeni ya mafundi yote yamo kwenye Dell OptiPlex GX620, Pentium 4, diski ya GB 80, Windows XP. Programu aliandikiwa na kijana mmoja kwa FoxPro (lugha ya zamani ya databesi), huyo kijana namba yake haipatikani siku nyingi, CD haipo, source (msimbo wake) haipo. Mzee akanipigia jioni akaniambia mwanangu hii mashine inagonga gonga ndani kama mtu anabisha hodi. Nikamwambia mzee izime sasa hivi na usiiwashe tena mpaka nifike.

Hapo ndo pa kwanza pa kushika. Diski ikianza kugonga kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho, na XP ikiwaka haikai kimya, inaandika logi, inaandika pagefile (akiba ya RAM kwenye diski), halafu ikishtuka tu inaanza chkdsk (ukaguzi wa diski) yenyewe na kuanza kurekebisha vitu juu ya diski inayokufa. Watu wengi wanapotezea hapo. Wanawasha "mara moja tu nikopi faili", ndo inakuwa mara ya mwisho.

Nikachomoa diski nikaiunga kwa kebo ya SATA kwenda USB kwenye laptop yangu ya Linux. Kabla ya chochote nikapiga smartctl (inasoma afya ya diski), Current_Pending_Sector inasoma 112, maana yake kuna sekta (vipande vidogo vya diski) 112 ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanyeje. Sikutumia dd ya kawaida (amri ya Linux ya kukopi diski) wala programu ya kukopi ya kwenye Windows, nikatumia ddrescue:

`ddrescue -d -n /dev/sdb duka.img duka.map`

na baada ya hapo nikarudia bila -n (ile ya kuruka sehemu ngumu), nikaweka -r3 irudie mara tatu zile sehemu ngumu. Uzuri wa ddrescue inachukua kwanza vyote vilivyo vizima haraka haraka, vibovu inaviruka na kuvirudia mwishoni, na ile faili ya map inakumbuka imefika wapi. Umeme ulikatika saa mbili usiku kazi ikiwa katikati, laptop ikabaki na betri lakini diski ya nje niliyokuwa nasevia inakula umeme wa ukutani ikazimika. Uliporudi nikapiga amri ile ile na ikaendelea pale ilipoishia. Mwisho wa siku zilibaki KB 24 tu ambazo hazikutoka, kati ya GB 80. Nilikaa nimeiangalia ile skrini kwa muda wakuu, nikamtumia mzee ujumbe kwamba hesabu zake zimetoka.

Kuanzia hapo diski ya zamani nikaifunga kwenye bahasha, sijaigusa tena. Imeji yenyewe (ile kopi ya diski nzima, duka.img) nikaikopi mara mbili, na majaribio yote nikafanyia kwenye kopi.

#2

Mkuu pole na hongera. Swali la haraka, si ungechukua tu zile DBF (faili za data za FoxPro) ukaweka programu kwenye PC mpya yenye Windows 11 ukamaliza? Kwanini ubebe XP nzima?

#3 (mleta uzi)

Swali zuri na ndo nilianza nalo hata mimi. Kwanza hakuna kiinstolia, kuna folda tu ya programu na DLL (faili saidizi za programu) zimesambaa kwenye folda ya system32 ya Windows, hujui ipi ni ya nani. Ila kubwa zaidi ni hili, na naomba mlishike: hawa vijana wetu wengi wa kuandika programu za maduka walikuwa wanafunga programu kwa kusoma namba ya sirio ya C, ile inayotoka ukiandika `vol c:`. Ukikopi folda kwenda kwenye diski nyingine inakwambia haujasajiliwa. Nilijaribu kwenye laptop ikanikatalia hivyo hivyo.

Sasa ile namba imeandikwa kwenye sekta ya kwanza ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) yenyewe. Ukichukua imeji ya diski sekta kwa sekta inakuja nayo, kwa hiyo ndani ya VM (mashine pepe) `vol c:` ikatoa namba ile ile na programu ikafunguka bila neno. Ni mali ya mzee, alilipia, yuko kwenye haki yake kabisa.

Kwa ambao hawajawahi kucheza na VM, wazo ni hili: diski nzima ya ile PC inakuwa faili moja, na hadiwea yake yote, mazabodi, kadi ya netiweki, kila kitu, inaigizwa na programu. Windows ile ile na ikoni zile zile, inaamka ndani ya PC mpya ikidhani bado ina kasha lake.

#4

Nifuatilie hapa. Umetumia nini kuendeshea, Hyper-V, VMware au VirtualBox? Na ilibuti mara ya kwanza?

#5 (mleta uzi)

VirtualBox 7 juu ya Linux Mint. Mzee alinunua i5 used, RAM GB 8, SSD mbili. Nilitaka Proxmox (mfumo wa seva wa kuendesha VM) ila hapa duka lina mtu wa kaunta anayekaa mbele ya mashine hiyo hiyo na kuangalia skrini, sio seva ya kufichwa stoo, VirtualBox unaweka fulskrini na yeye hajui hata kama chini kuna Linux. Angalieni tu kwenye BIOS (seting za mazabodi) ya PC mpya Virtualization Technology iwe imewashwa, VirtualBox toka 6.1 haifanyi kazi bila hiyo, na used nyingi zinakuja imezimwa.

Kugeuza imeji kuwa VDI, faili ya diski ya VirtualBox:

`VBoxManage convertfromraw duka.img duka.vdi --format VDI`

Haikubuti mara ya kwanza. Skrini ya bluu, STOP 0x0000007B. Ukiiona hiyo usiogope, haimaanishi data imekufa. XP ikiinstoliwa inashika draiva ya kontrola ya diski ya mazabodi ile tu. Hapa imeamka imekuta kontrola nyingine, haina draiva iliyoandaliwa kuanza mapema, kwa hiyo imefika nusu ya mlango haioni C yake yenyewe.

Kama PC ya zamani bado inawaka vizuri, dawa ni rahisi, unaweka mapema zile ingizo za rejistri (hifadhi ya seting za Windows) za IDE za kawaida (watu wanaiita mergeide) kabla ya kuchukua imeji. Mimi sikuweza kwa sababu sikutaka kuiwasha. Kwa hiyo nikafanya ikiwa imelala. Nikaipachika ile VDI kama diski ya pili kwenye VM nyingine ya Windows, nikafungua rejistri yake kutoka nje:

`reg load HKLM\zamani E:\WINDOWS\system32\config\system`

Hapa kuna mtego ulionipotezea karibu saa nzima. Maelekezo yote ya mtandaoni yanasema nenda CurrentControlSet, ukifungua rejistri iliyolala hiyo CurrentControlSet haipo, inatengenezwa mashine ikiwaka tu. Unaangalia kwanza kwenye Select, thamani ya Current, kwangu ilikuwa 1, kwa hiyo nikafanyia kwenye ControlSet001. Nikaweka intelide na atapi Start iwe 0, nikaongeza kwenye CriticalDeviceDatabase kontrola ya PIIX4 ambayo VirtualBox inaiigiza, ni `pci#ven_8086&dev_7111`, nikahakikisha intelide.sys, pciidex.sys na atapi.sys zipo kwenye drivers. Nikiwa hapo hapo nikaweka intelppm Start iwe 4, hiyo ni draiva ya prosesa ya Intel, inaweza kukuletea skrini nyingine ya bluu kwenye VM. Halafu `reg unload`, msisahau, usipofanya hivyo faili inabaki imeshikwa.

Kingine, ile P4 ilikuwa na Hyper-Threading, kwa hiyo XP yake ilikuwa imeinstoliwa kwa HAL (sehemu ya Windows inayoongea na hadiwea) ya prosesa nyingi. Lazima kwenye seting za VM uwashe I/O APIC, bila hivyo inaganda kwenye skrini nyeusi na hutajua kwanini.

Nikawasha. Ikapita. Ukatokea ule mlima wa kijani na ikoni ya programu ya duka katikati.

#6

Na aktivesheni je? XP ya Dell ile inaangalia BIOS, ikikuta sio Dell inagoma.

#7 (mleta uzi)

Ndivyo ilivyokuwa mkuu. Ile ya OEM (iliyokuja na mashine toka kiwandani) inakwenda na mashine yake, kwa leseni haihami. Bahati nzuri mzee ana kabati la makaratasi yote toka afungue duka, tulikuta boksi la XP Pro ya rejareja alilowahi kununulia kompyuta nyingine iliyokufa, nikatumia leseni ile. Ukikosa hiyo ujue mapema hapo ndo pa kukwama, usifike siku ya mwisho ndo unagundua. Na hii sio XP tu, Windows 7 na 10 za OEM ni hadithi ile ile.

#8

Wanaotumia Tally (programu ya uhasibu) muwe makini hapo. Leseni yake imefungwa kwenye kompyuta, inatakiwa uisalimishe kwenye mashine ya zamani ikiwa bado nzima ndo uiwashe kwenye mpya. Ukichukua imeji halafu ukaua ya zamani bila kusalimisha unaanza kusumbuana na wauzaji. Niliona kwa mteja wangu wiki mbili wanaandika kwenye daftari.

#9 (mleta uzi)

Asante sana mkuu kwa kuliongeza hilo. Nyingine zinafungwa kwa MAC (namba ya kipekee) ya kadi ya netiweki, hiyo VM unaweza kuipa MAC ile ile ya zamani, ila ole wako uwashe zote mbili kwenye switchi moja. Na zile zenye kifunguo cha leseni cha kuchomeka, cha USB unakipitisha ndani ya VM, cha pararelo cha zamani ndo mtihani, fanyeni jaribio kabla hamjamuahidi mteja.

Sasa niwaambie kilichonichukua muda kuliko yote, sio imeji wala skrini ya bluu. Ni printa.

Mzee ana Epson LX-300+II, ile ya utepe, inatoa risiti za kopi tatu kwa karatasi ya kaboni. Ilikuwa imechomekwa LPT (tundu la zamani la printa). Nikaona sio shida, ina tundu la USB nyuma, nikachomeka USB, nikaipitisha ndani ya VM, XP ikaiona, ukurasa wa majaribio ukatoka. Nikajua nimemaliza. Nikamuita dada wa kaunta aje ajaribu kuuza kitu kimoja, akauza kilo mbili za misumari, akabonyeza chapa, kimya. Akaniambia kaka hii haijawahi kuuliza printa, inatoaga tu yenyewe.

Hiyo sentensi ndo iliyonipa jibu. Programu haipiti kwenye printa za Windows kabisa, inaandika moja kwa moja LPT1 kama enzi za DOS. Na VM haina LPT1. Tulichofanya ni kusheya ile printa ndani ya XP yenyewe kwa jina LX300, halafu:

`net use lpt1 \\duka-pc\LX300 /persistent:yes`

Yaani mashine inajisheyia yenyewe. Kila kitakachoandikwa LPT1 kinaelekezwa kwenye ile printa ya USB. Kadi ya netiweki ya VM iwe imeunganishwa muda wote, vinginevyo inajisahau. Pia kwenye Linux mtumiaji awe kwenye kundi la vboxusers halafu utoke na uingie upya, bila hivyo VirtualBox haioni kifaa chochote cha USB na utadhani kebo ni mbovu. Printa ikaanza ule mlio wake, dada wa kaunta akacheka, mzee akatoka stoo kuja kuangalia.

Ndo maana nawasihi, kabla hujagusa mashine kaa na mtu anayeitumia kila siku angalau nusu siku. Sio bosi. Anayeitumia. Alinionyesha vitu vitatu ambavyo mzee mwenyewe hakuvijua, kimoja kwamba kila Jumamosi anaingiza flashi anatoa ripoti ya kumpelekea mhasibu, na ile flashi lazima isomeke kama F.

#10

Kompyuta za stoo zinaungaje? Au ni moja tu?

#11 (mleta uzi)

Zipo mbili ghalani, Windows 7, zinasoma folda iliyosheyiwa kwenye ile ya kaunta kwa IP 192.168.1.10. Kwa hiyo VM nikaiweka netiweki ya brijidi ili ionekane kama mashine kamili kwenye switchi. Nikiandika ile IP Windows inalalamika kwamba tayari imepewa kadi nyingine. Ni ile kadi ya Dell ya zamani, haipo tena lakini rejistri bado inaikumbuka. Unafungua CMD unaandika `set devmgr_show_nonpresent_devices=1` halafu `devmgmt.msc` kwenye dirisha hilo hilo, kwenye View unachagua kuonyesha vilivyofichwa, vinatokea vimefifia, unafuta kadi ile ya zamani na unaweza kufuta na vingine vilivyobaki huko.

Intaneti nimeinyima kabisa, sikuweka gatewei wala DNS. XP Microsoft waliacha kuitengenezea apdeti 8 Aprili 2014, na folda inasheyiwa kwa SMB1 (njia ya zamani ya kusheya faili, isiyo salama), haifai kabisa kuiacha iguse mtandao. Anayetaka kufungua barua pepe anatumia Linux iliyo nje ya VM.

#12

Mimi nina ya Windows 10, nzima kabisa haina shida, nataka tu kuiingiza kwenye Proxmox. Bado nichomoe diski?

#13 (mleta uzi)

Hapana kwako ni rahisi zaidi. Disk2vhd ya Sysinternals inachukua ikiwa inawaka, inatumia snapishoti ya VSS (picha ya diski ya papo hapo) na inatoa VHDX (faili ya diski pepe), usisevie kwenye diski ile ile unayoichukua, weka ya nje. Ila kama kuna databesi, SQL Server au MySQL, simamisha huduma kwanza ndo uchukue, vinginevyo unaweza kupata databesi kama ya mashine iliyozimwa kwa kung'oa waya. Na mauzo yatakayoingia baada ya snapishoti hayamo, kwa hiyo fanya watu wakiwa wameshafunga.

BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data ya diski) isimamishe kabla na uandike ile namba ya urejeshi kwenye karatasi, maana VM haina TPM (chipu ya usalama) ile na inaweza kukuuliza. Angalia pia inabuti kwa UEFI (BIOS ya kisasa) au BIOS ya zamani, fungua msinfo32 inasema. Kama ni UEFI kwenye Proxmox chagua OVMF (UEFI ya VM), ukikosea hapo haibuti na utalaumu imeji bure. Ukishaipeleka, `qm importdisk`, ianze na SATA kwanza usikimbilie VirtIO (kontrola pepe yenye kasi). Ikishawaka ongeza kidiski kidogo cha VirtIO cha GB 1, weka draiva, XP au 10 ni mchezo ule ule, Windows lazima iione hadiwea mara moja ikiwa hai ndo ukiigeuza diski ya C kuwa VirtIO isikupe ile skrini ya bluu ya 7B.

Na kama ni domain controller (seva inayosimamia watumiaji na kompyuta za ofisi) usiichukue ikiwa inawaka kabisa, tengeneza nyingine mpya ndani ya VM uipandishe cheo iichukue kazi, ya zamani uishushe kwa utaratibu. Kuamsha kopi ya domain controller wakati ya kwanza bado ipo ni ugonjwa wa miezi.

#14

Linux nayo vipi kaka, nina CentOS ya zamani ina mfumo wa wagonjwa.

#15 (mleta uzi)

Linux inasamehe zaidi. Tatizo mara nyingi ni matatu, fstab (orodha ya diski za kupachika) ikiwa imeandikwa /dev/sda1 badala ya UUID (namba ya kipekee ya diski), initramfs (faili ya kuanzia kubuti) kukosa draiva ya virtio (unaitengeneza upya kwa dracut kutoka kwenye rescue), na jina la kadi ya netiweki kubadilika, kwenye CentOS 6 inakuwa eth1 kwa sababu ya ile faili ya 70-persistent-net.rules, futa mistari yake uristati. Ila kwa mfumo wa wagonjwa nakuomba fanya jaribio zima kwanza pembeni bila netiweki, mpaka daktari na mtu wa mapokezi wamekaa wamefungua faili za wagonjwa wenyewe wakakuambia sawa.

#16

Umeme ukikatika VM si inakufa vibaya zaidi?

#17 (mleta uzi)

Inaweza, maana sasa una mifumo miwili inaandika kwa wakati mmoja. Tumeweka UPS yenye kebo ya USB, Linux inaisoma kwa NUT (programu ya kufuatilia UPS), betri ikishuka inatuma `VBoxManage controlvm duka acpipowerbutton`, XP inazima taratibu kama umebonyeza kitufe, halafu Linux inafuata. Tulijaribu kwa kuchomoa waya wa ukutani mara tatu mzee akiwa amesimama hapo. Bekapu ni kila usiku VM ikiwa imezimwa, VDI nzima inakopiwa SSD ya pili, na Jumapili inaenda diski ya nje ambayo mzee anaondoka nayo nyumbani. Snapishoti za VirtualBox sizihesabu kama bekapu, zinakaa kwenye diski ile ile.

#18

Mrejesho mkuu? Mwezi umeisha.

#19 (mleta uzi)

Samahani nilikuwa Geita. Jana wamefunga mwezi. Nilienda kukaa nao makusudi kwa sababu ripoti ya mwisho wa mwezi ndo kitu pekee ambacho hatukuwahi kukijaribu, inasoma mauzo yote na madeni yote kwa pamoja. Kwenye Dell dada wa kaunta anasema alikuwa anaibonyeza anaenda kunywa chai, sasa imechukua chini ya dakika moja mpaka akadhani imegoma, akataka kuibonyeza tena nikamzuia. Tukalinganisha deni la mafundi kumi kwa kalamu na kile kitabu chao cha mkono, yote yakakubaliana. Stoku ya bati ilipishana mbili, wakaenda kuhesabu ghalani, zilikuwa zimeuzwa asubuhi hiyo hiyo na risiti haijaingizwa.

Dell ipo chini ya meza bado, haina diski. Mzee ameniuliza aiuze, nimemwambia tuvuke ukaguzi wa mwisho wa mwaka kwanza. Diski yenyewe iko kwenye bahasha, nimeandika tarehe juu, ameifungia kwenye sefu na hati ya kiwanja.